Krismasi ya Ndoo Mbili

Matufaha 8 yalisafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, zaidi ya kilomita 800, kila moja likiwa limefungwa katika ukurasa wake wa gazeti, na yalifika yakiwa na alama za kugongana. Chupa 4 za divai nyekundu ya Dodoma, ile kavu isiyo na sukari, zilifika salama zaidi, kwa sababu nilizilaza katikati ya nguo zangu na njia nzima nikaulinda mzigo ule kwa miguu. Ilikuwa Desemba 2012. Nilikuwa na mwaka wa tatu jikoni katika hoteli moja ya Dar es Salaam, nami nilikuwa nimekata shauri kwamba Krismasi ile ukoo wetu ungekunywa sangria.

Sangria ni kinywaji cha Wahispania na Wareno: divai, matunda yaliyokatwakatwa, kitu cha kutia utamu, na mara nyingi brandi kidogo, vyote vikiachwa vikae pamoja mpaka matunda yanywe divai na divai ichukue ladha ya matunda. Ile tuliyokuwa tukiwaandalia wageni wa hoteli mwisho wa mwaka ilikuwa ya majira ya baridi, yenye matufaha, mapeasi, machungwa, punje za komamanga, kranberi (vitunda vidogo vyekundu, vichachu, vya nchi za baridi) na vijiti vya mdalasini. Nilikuwa nimeinakili katika daftari, nikaitunza kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja.

Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenyeji wa sikukuu zetu zote huko Ng'ambo, mtaa wa Tabora, alinipokea mlangoni, akaitikia shikamoo yangu, kisha akachungulia ndani ya kikapu.

"Baba, matufaha yote haya, kwani nani anaumwa?"

Hakukosea kuuliza, maana nyumbani kwetu tufaha lilikuwa tunda la kumpelekea mtu aliyelazwa hospitali. Nyuma yake, chini ya miembe miwili ya uani, maembe yalikuwa yameanguka kwa wingi kiasi kwamba watoto waliyapiga teke, na mbuzi wa jirani, aliyekwisha kushiba, aliyanusa tu na kupita.

Matufaha na mapeasi ya Ulaya huvunwa kabla baridi haijakaza na huhifadhika kwa miezi, na machungwa ya Hispania huiva wakati huohuo wa baridi. Kwa hiyo aliyebuni mchanganyiko ule hakuwa na siri yoyote, alichukua tu kilichokuwapo. Desemba ya Tabora ni mwezi wa mvua, wa embe na wa kumbikumbi. Leo naliona jambo hilo waziwazi, lakini mwaka ule nilikuwa na miaka 26 na daftari, na mtu mwenye daftari hasikii.

Usiku wa Jumapili, tarehe 23, umeme ulikuwa umekatika, nikafanya kazi kwa mwanga wa chemli. Masufuria ya shangazi niliyaacha, kwa kuwa yalikuwa ya alumini, na divai ikilala ndani ya alumini hubadilika ladha; nilinunua ndoo mpya ya plastiki yenye mfuniko. Nikamimina humo chupa zote 4, yaani lita 3 kamili. Nikakata matufaha vipande vidogo pamoja na maganda yake, nikatia punje za makomamanga 3 niliyopewa na jirani mwenye mkomamanga wa siku nyingi uani kwake, nikaongeza mdalasini na sukari, na mwisho nikatia machungwa 6 niliyoyakata duara pamoja na ganda, kama tulivyoyapanga hotelini ili mgeni ayaone kupitia jagi la kioo. Kwamba ndoo ya bluu haionyeshi chochote halikunijia akilini. Kranberi sikuwa nazo wala mapeasi sikuyapata, lakini nilijihesabu mwaminifu vya kutosha, nikaenda kulala.

Jumatatu ya mkesha, saa tisa alasiri, nilifunua ndoo nikaonja. Ulikuwa uchungu wa namna ya peke yake, uliokaa kwenye mzizi wa ulimi ukakataa kuondoka hata baada ya maji ya kunywa. Hotelini sangria ilikaa saa 4 au 5 ndani ya jokofu, kisha ikanywewa ikaisha. Hapa machungwa yalikuwa yamelala na kushinda katika joto, na ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, ambayo kwenye machungwa niliyonunua ilikuwa nene, ilikuwa imeachia kila ilichokuwa nacho. Shangazi alichovya kijiko, akaonja, akafumba jicho moja.

"Hii si ya Krismasi, baba. Hii ni ya malaria."

Tangu hapo jiko likawa lake, na daftari langu likawekwa juu ya kabati. Aliyaopoa machungwa yote, kipande kwa kipande, kwa upawa. Kisha akaleta galoni ya asali ya miyombo, nyeusi, iliyotoka kwenye mizinga ya magome, yenye kaharufu ka moshi ambako mtu wa Tabora hukatambua hata akiwa amefumba macho. Mimi, kwa mazoea ya hotelini, nilichemsha maji kikombe kimoja na mdalasini na karafuu 4, nikanyoosha mkono niimimine asali juu ya moto. Akanishika mkono. Asali ikichemka, alisema, harufu yake yote inapaa, unabaki na utamu mtupu, na utamu mtupu sukari inao. Aliepua, akasubiri maji yapoe mpaka akaweza kutumbukiza kidole na kuhesabu taratibu hadi kumi, ndipo akamimina asali bakuli moja na kukoroga kwa mwelekeo mmoja hadi uzi wa mwisho ulipopotea. Tulimimina mchanganyiko huo ndooni, tukakamua machungwa mengine na kutia maji yake peke yake, na mahali pa brandi, ambayo hakuna aliyekuwa nayo mtaani, tukatia pombe kali ya Konyagi vifuniko 6.

Maembe aliyaacha hadi asubuhi ya sikukuu. Alichagua yale yaliyokuwa yameanza kuwa ya njano ndani ilhali nyama yake bado ngumu, kwa maelezo kwamba lililoiva kabisa lingevunjika na kuifanya divai iwe tope. Hilo hakulisoma popote. Alikuwa ametengeneza achari kwa miaka 30.

Ndoo ya pili haikuwa katika daftari kabisa. Mjomba wangu na nyumba yake yote ni Waislamu, nao hula nasi Krismasi kama sisi tunavyokula nao Idi, na ingekuwa aibu kuwaweka pembeni na soda wakati wengine wanachota matunda. Shangazi alichemsha rozela kavu, ile ambayo wengine huiita choya, pamoja na tangawizi, mdalasini na karafuu, akaichuja, akaitia asali ilipopoa, kisha akaongeza nanasi na embe. Kwa rangi usingeweza kuitofautisha na divai, na ule ukakasi wake uliokaza ulimi ulikuwa wa divai kabisa. Kwa sababu ya kufanana huko, alinunua ndoo nyekundu ambayo haikuwahi kutiwa kitu, akaitengea upawa wake, akafunga kitambaa cheupe kwenye mkono wa ndoo, na akamweka binti yake mkubwa kuilinda asubuhi yote.

Kuipoza ilikuwa kazi nyingine. Mwezi wa nane, hewa ikiwa kavu, gunia lililoloweshwa na kuzungushiwa ndoo kivulini hupoza vizuri, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto; Desemba hewa yenyewe imelowa, gunia halikauki, na ndoo hubaki na joto lake. Tulinunua barafu za mifuko kwa jirani, tukazivunja kwa mchi, tukaagiza kwamba kila mtu atie kwenye kikombe chake, isije ikatiwa ndooni na kuizimua yote.

Nilifanya kosa moja la mwisho. Dada mmoja wa shangazi, wakati tayari alikuwa na kikombe mdomoni, aliniuliza jina hilo lina maana gani, nami kwa kujionyesha nikamweleza kwamba linatokana na neno la Kihispania lenye maana ya damu, kwa ajili ya rangi yake. Alikitua kikombe mezani, akakisukuma mbali kwa kidole kimoja, na hakukigusa tena. (Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba jina sangria, likiwa peke yake, litumike kuuzia kinywaji cha Hispania na Ureno tu. Ningefurahi kama uamuzi huo ungetangulia. Ningekiita kitu kingine.)

Bibi, ambaye alikuwa ameacha pombe miaka mingi kabla ya hapo na aliyependa kututangazia hivyo, aliniita karibu na kiti chake.

"Mume wangu, mimi maji hayo sinywi. Niletee matunda tu."

Nilimletea bakuli la matufaha na maembe kutoka ndoo ya bluu, bila kukumbuka kwamba matunda yalikuwa yamenywa kwa niaba yake. Akamaliza, akaomba la pili. Baadaye akatamka, kwa sauti ya mtu mwenye ujuzi, kwamba hii ilikuwa wanzuki, ile pombe ya asali, ila iliyosoma, akajiegemeza, akalala hadi jua likakaribia kuzama. Hakuna aliyethubutu kumweleza.

Ndoo nyekundu ilikuwa tupu kabla ya saa tisa; hata sisi wanywaji tuliirudia. Ya bluu ilibaki nusu, na uchungu wake ulikuwa bado upo, umejificha nyuma ya asali.

Mwanzoni mwa Desemba iliyofuata shangazi alinipigia simu. Rozela alikuwa ameshaianika, na asali ameiweka galoni mbili. Aliniomba nije na divai na kichujio kizuri, halafu, kabla hajakata simu, akaongeza kwamba matufaha niyaache hukohuko Dar es Salaam, maana kwa kweli hakuna anayeumwa.