Siku Moja Maishani Mwangu: Klachi Isiyoachia ya Yamaha TY175

Saa mbili asubuhi. Karakana ninayofanyia kazi iko Derbyshire, katikati ya Uingereza, mkoa wa vilima vya mawe anakotoka Mick Andrews, aliyeshinda mara tano Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita ya pikipiki za trial huko Scotland, na ushindi wake wa mwaka 1974 na 1975 aliupata juu ya Yamaha. Yeye ndiye aliyeshirikiana na kiwanda hicho kuziunda pikipiki za TY, na mojawapo, TY175 ya miaka ya sabini yenye injini ya cc 171 na gia sita, inanisubiri juu ya benchi. Mwenyewe, mzee mstaafu, analalamika kwamba hata akiibana leva ya klachi mpaka mwisho, pikipiki inaendelea kusogea, na nyutro, yaani hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, haipatikani injini ikiwa inanguruma.

Katika mchezo wa trial hilo si jambo dogo. Mpandaji hupita polepole juu ya mawe, mizizi na vijito, na mguu ukigusa chini mara moja hupewa alama 1 ya adhabu, ilhali kushindwa kupita humgharimu alama 5. Pikipiki inayojisukuma yenyewe wakati yeye anatafuta mizani mbele ya mwamba itamlazimisha tu kutua mguu.

Saa mbili na nusu. Kabla ya kushika spana naipasha moto injini, kwa sababu pleti za klachi, yaani visahani vinavyobanana ili kupitisha nguvu ya injini, zikikaa wiki kadhaa bila kazi hugandana kwa mafuta, na zikiachana baada ya dakika chache hakuna cha kutengeneza. Kisha nainua gurudumu la nyuma, natia gia ya kwanza na kubana leva. Gurudumu kuzunguka kidogo ni kawaida, kwa kuwa mafuta yaliyo kati ya pleti huliburuta, lakini linapaswa kusimama nikilizuia kwa buti. Hili halikusimama, injini ndiyo iliyokaribia kuzima.

Saa tatu. Naanzia nje, ambako mafundi wengi hupita haraka mno. Waya wa klachi ni mzima, ila leva si ya asili. Umbali kati ya skrubu inayoishikilia leva na tundu linaloshika kichwa cha waya ndio unaoamua waya utavutwa kiasi gani: umbali ukiwa mfupi, leva huwa nyepesi mkononi, lakini waya husogea kidogo na pleti hazipati nafasi ya kutosha kuachana. Mzee alitafuta wepesi, na huo ndio uliomletea sehemu ya tatizo. Nafunga leva yenye umbali wa asili, narekebisha mkono mdogo ulio kwenye injini ili usivuke pembe mraba na waya unapovutwa, na kuacha mlegeo wa milimita 2 hadi 3 kwenye leva. Hali inakuwa nafuu, lakini bado.

Saa nne na nusu. Namwaga mafuta ya gia, ambayo katika injini hii ya mipigo miwili hayachanganyiki na yale ya kulainisha pistoni, kisha nafungua kifuniko cha kulia. Mafuta hayana weupe wa maji, jambo la kushukuru kwa pikipiki inayovuka vijito. Nalegeza bolti za springi kwa zamu, kidogo kidogo. Wapo wanaokimbilia kununua springi ngumu zaidi, nami sielewi wanatarajia nini, kwa maana springi ngumu ni dawa ya klachi inayoteleza. Kwa klachi isiyoachia huongeza tu uzito wa leva. Fimbo inayosukuma ili pleti ziachane nayo naikagua, kwani ncha yake ikifutuka na kufupika hula mwendo uleule tuliotoka kuupata.

Saa sita. Pleti za chuma nazilaza juu ya kioo na kupitisha fila, kipimo cha vibamba vyembamba cha kupimia mwanya, ukingoni. Yoyote inayoruhusu zaidi ya milimita 0.05 siirudishi. Moja inakataliwa. Kwenye pleti za lainingi ninakuta nilichokishuku: gundi ya kiwandani imevimba kati ya vipande vya lainingi na kuziba mifereji ambamo mafuta yanapaswa kutoroka pleti zinapoachana. Naikwangua kwa ncha ya kisu, mfereji baada ya mfereji, bila kuugusa uso wa lainingi. Ni kazi ya kuchosha macho, nayo inaendelea mpaka baada ya chakula cha mchana.

Saa nane na nusu. Vidole vya hausingi ya klachi, yaani kikombe kinachozishika pleti, vimechimbwa vishimo na meno ya pleti, kwa hiyo pleti hunasa humo badala ya kuteleza kando. Navisawazisha kwa tupa laini, nikiondoa kidogo iwezekanavyo, kwa sababu aluminiamu iliyoondoka hairudi, na nafasi ikizidi pleti zitaanza kugonga. Vishimo vikiwa na kina kirefu, hausingi hubadilishwa.

Saa kumi. Pleti zilizolowa mafuta zinarudi mahali pake, bolti zinakazwa kwa msalaba na kwa mkono mwepesi. Najaza mafuta mapya mepesi ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha mafuta yanayofaa klachi inayolowa mafuta, kwani baadhi ya mafuta ya magari yana viungo vya kupunguza msuguano, navyo huifanya klachi ya namna hii iteleze.

Saa kumi na moja kasorobo. Nyuma ya karakana kuna mteremko wa mawe. Naupanda kwa gia ya kwanza, nikifika katikati nabana leva, na pikipiki inasimama tuli huku injini ikiendelea kunguruma; nyutro inaingia kwa ncha ya kidole cha mguu. Leva sasa ni nzito kidogo kuliko alivyozoea mzee, basi naandika kwenye kadi ya kazi kwamba asiirudishe ile ya zamani, na kwamba mlegeo wa waya upimwe tena baada ya mashindano ya kwanza.