Bundi wa ghalani kwa Bibi

Jana usiku bundi alilia juu ya paa, ule mlio wake kama kitambaa kinachochanwa, na binti yangu akauliza ni nani atakufa. Sikumjibu. Mawazo yalikuwa yameshanirudisha Ifakara, mwaka ule mpunga ulipojaa hadi tukalala nao chumbani.

Bibi alinituma ghalani kuchota mpunga wa kutwanga alfajiri. Kibatari kikazimika mlangoni. Giza lilikuwa zito, kiganja changu mwenyewe sikukiona. Chini kwenye makapi panya alikuwa akitafuna: kwacha, kwacha, kimya. Kwacha tena. Sikusikia mbawa zikipiga. Upepo mdogo tu ulinipita shavuni, makapi yakatawanyika, panya akalia mara moja. Niliporudi na taa, bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo alikuwa amemkanyaga panya, ananitazama.

Alimwonaje? Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya wanasayansi Eric Knudsen na Masakazu Konishi ya mwaka 1978, kuhusu jinsi bundi anavyosikia, nikaelewa kwamba hakumwona. Tundu la sikio lake la kushoto liko juu kuliko la kulia. Sauti ikiwahi sikio moja, anajua ni upande gani; ikisikika kwa nguvu zaidi katika sikio moja, anajua ni juu au chini. Ndani ya ubongo wa kati seli zimejipanga kama ramani, kila moja ikiitikia sauti ya mahali pake. Hapo ndipo ninapostaajabu hadi leo: jicho hupokea picha iliyokwisha kupangika, sikio halipokei picha yoyote. Ramani ile ubongo wa bundi unaichora wenyewe, gizani, wakati panya bado anatafuna.

Asubuhi nilisimulia. "Uchuro huo," alisema baba mdogo, akamfukuza kwa fimbo na kuziba tundu la paa. Nilijua bundi yule alikuwa akitulindia mpunga, nami nikanyamaza. Panya waliongezeka. Na Babu, aliyekuwa mgonjwa tangu masika, alifariki kabla mwezi haujaandama.

Leo asubuhi nimemweleza binti yangu habari za masikio na ramani. Alisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Tumpigie Bibi tujue kama ni mzima."

Nikapiga. Simu ilipoita mara ya tatu bila kupokelewa, nilikuwa nimeshasimama.