Kalkulasi nyuma ya mashine ya kopi

Mwaka 2016 nilimaliza kidato cha sita, kombi ya PCM. Fizikia na kemia zilinibeba, hesabu nikaambulia S. Kwa asiyejua, S si kufeli, ila ukiipeleka chuo kuomba uhandisi wanakutazama tu. Shuleni mwalimu wetu wa hesabu za advansi alihamishwa tukiwa kidato cha tano, mbadala wake akaja tukiwa tunakaribia mtihani wa majaribio, na kalkulasi, tawi la hesabu linalochunguza jinsi vitu vinavyobadilika, tukaipita mbio kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Miaka mitatu baadaye nilikuwa natoa kopi Mafiga, Morogoro, kwenye kibanda cha steshenari cha kaka yangu. Hapo ndipo nilipojisajili kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Ungesema nimekalia hazina. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita walikuwa wananiletea flashi na pamfleti kila siku, niwatolee kopi kwa shilingi mia ukurasa, na mimi kila kitu chenye neno kalkulasi nilijibakizia nakala. Kufikia Novemba 2019 folda yangu ilikuwa na faili zaidi ya thelathini. Sikuwa nimesoma hata moja hadi mwisho. Kukusanya kuna utamu wake: unalala ukijiona umesoma, kumbe umepakua tu.

Pamfleti ndizo nilizoanza nazo kwa sababu ni fupi, na moja ilinila usiku mbili. Ilikuwa na swali la kuintigreti ln x (logi asilia ya x), yaani kutafuta fomula ambayo mteremko wake ni ln x. Jibu lililochapwa: x ln x + x + c, c ikiwa namba yoyote isiyobadilika. Mimi kila nikifanya napata x ln x − x + c. Nikajiona mjinga, nikafuta, nikaanza upya, nikabadilisha alama kwa nguvu ili nifike kwenye jibu lao. Usiku wa pili ndipo lilipokuja wazo ambalo lingepaswa kuja dakika ya kwanza: intigresheni ni safari ya kwenda, difarensiesheni, yaani kutafuta mteremko, ni ya kurudi, basi rudi uone kama unafika ulikotoka. Nikalidifarenshieti jibu lao: ln x + 1 + 1, yaani ln x + 2. La kwangu: ln x + 1 − 1, ln x yenyewe. Pamfleti ilikuwa imekosea alama, na wanafunzi sijui wangapi walikuwa wameikariri hivyo hivyo, wengine kwa kopi nilizowatolea mimi.

Tangu siku hiyo kila jibu la intigresheni nikawa nalirudisha nyuma kabla ya kuliamini, liwe langu au la kitabu. Pamfleti zote nikazitupa isipokuwa moja, iliyokuwa na maswali mengi bila majibu. Hiyo angalau haikuweza kunidanganya.

Nikatafuta muhtasari wa somo, nikauchapa, nikaubandika ukutani nyuma ya mashine. Huo ndio ulioanza kunipunguzia mzigo. Kalkulasi imegawanyika: difarensiesheni na intigresheni ziko kwenye karatasi ya kwanza ya mtihani, milinganyo ya difarensho (yenye difarensho ndani yake) iko kwenye ya pili. Nikipata kitabu chochote, nakishika mkononi huku naangalia ukuta. Kisichokuwa ukutani naruka bila huruma.

Kitabu kilichonifungua macho kina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Ni Calculus Made Easy cha Silvanus Thompson, profesa wa fizikia wa Uingereza, kilichotoka 1910. Kimeshatoka kwenye haki miliki, kinapatikana bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Yeye haanzi na limiti, ile thamani ambayo namba zinaikaribia. Anakuambia dx ni kijipande kidogo tu cha x, basi. Mimi nilikihamishia kwenye viwanja, maana Morogoro kila mtu anaongea viwanja. Chukua kiwanja cha mraba, upande mita 20, eneo mita za mraba 400. Sogeza mpaka wake nje kwa sentimita 10 kwenye pande mbili zinazokutana. Umeongeza nini? Vipande viwili virefu, kila kimoja mita 20 kwa 0.1, jumla mita za mraba 4. Halafu kuna kijikona kimoja pale vinapokutana, 0.1 kwa 0.1, mita za mraba 0.01. Kijikona hicho hakuna dalali atakayekihesabu. Vile vipande viwili ndivyo 2x mara dx, na ndiyo maana difarensho ya x² ni 2x. Shuleni niliimba 2x miaka miwili bila kujua kwamba ile 2 ni pande mbili za kiwanja.

Lakini Thompson hatoshi kwa mtihani wetu. Kwa mazoezi nilitegemea OpenStax, vitabu vya bure vya kalkulasi vilivyotoka 2016, juzuu tatu. Nikapakua ya kwanza na ya pili, ya tatu nikaiacha. Uzuri wake kwa mtu wa bando za kuungaunga ni kwamba ni PDF: unapakua mara moja, unasoma hadi simu izime. Ubaya, na mwingine angeuita uzuri, ni kwamba majibu ya nyuma ni ya maswali yenye namba witiri tu. Nilikuwa nafanya witiri mchana nikiangalia majibu, shufwa usiku nikijisahihisha kwa kurudi nyuma. Nikikwama pabaya nafungua noti za Paul Dawkins wa Chuo Kikuu cha Lamar, Texas, ambazo zinaonyesha kila hatua, hata ile ambayo vitabu vingine vinasema ni dhahiri. Dhahiri kwa nani?

Video nilizijaribu. Zile za chaneli ya YouTube ya 3Blue1Brown za 2017 ni nzuri mno, zinakuonyesha kalkulasi ikitembea, lakini nikizima simu na kushika peni mkono ulikuwa bado haujui chochote. Na bando lilikuwa limeisha. Programu ya GeoGebra ilinifaa zaidi, kwa kuwa ukishaiweka kwenye simu inachora grafu bila intaneti, na unaweza kuvuta nukta juu ya mkunjo ukaona mteremko ukibadilika.

Januari nikagonga ukuta. Swali: kuintigreti 1 ikigawanywa kwa x² + 6x + 13. Nilijua jibu litakuwa na tan kinyume, ile inayotoa pembe kutoka kwenye tanjenti yake, kila mfano ulisema hivyo, ila sikuona njia ya kuingilia. Kwenye noti hatua ya kwanza ilikuwa (x + 3)² + 4, bila maelezo. Nikaikodolea macho. Hiyo si kalkulasi. Hiyo ni kukamilisha mraba, mada ya kidato cha pili, na mimi nilikuwa nimeisahau kabisa.

Jioni nikaenda kwa dada, nikamwomba binti yake kitabu chake cha hesabu cha kidato cha pili. Akacheka hadi akakaa chini. "Mjomba, si ulimaliza fomu siksi wewe?" Akanipa kwa masharti, nirudishe Jumatatu. Kilikaa kwangu miezi sita. Kukamilisha mraba, logi, trigonometria: nikahesabu makosa yangu ya mwezi mzima kwenye kaunta buku na mengi yalikuwa humo, si kwenye kalkulasi. Difarensho yenyewe nilikuwa naipata, halafu naanguka kwenye kurahisisha.

Jambo hilo hilo nililikuta baadaye kwenye ripoti za NECTA, Baraza la Mitihani, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi ziko bure kwenye tovuti yao, na katika wanafunzi wote waliokuja kibandani sikumbuki aliyewahi kuniomba nimtolee kopi yake. Wote wanataka maswali ya miaka iliyopita. Ripoti inakupa swali, inasema watahiniwa walifanyaje, halafu inakuonyesha kipande cha karatasi halisi ya mtahiniwa aliyekosa, kwa mwandiko wake, na ya aliyepata. Kuna mwandiko mmoja niliuona nikadhani ni wangu: kasahau c kisha kachanganya alama, makosa yangu yote mawili kwenye mistari minne. Nilikuwa nafanya swali kwanza, kisha nasoma ripoti kujiona niko kundi gani.

Machi 2020 korona ikafunga shule. Kibanda kikakauka, siku nyingine wateja wawili, na kaka akaanza kulalamikia kodi. Mtihani uliokuwa uwe Mei ukasogezwa hadi mwisho wa Juni. Siwezi kusema nilifurahi, hali ilikuwa inatisha, ila nilipata wiki za ziada, mashine imezimwa, karatasi zilizoharibika upande mmoja zimejaa, nami nasolvu nyuma yake. Milinganyo ya difarensho, ambayo nilikuwa nimepanga kuiacha, niliisoma katika wiki hizo.

Matokeo yalipotoka nilikuta C. Nilitaka B. Nilijua hata ilikopotelea: vekta, mada nyingine ya somo hilo, ambazo sikuzipa muda kwa sababu ya mapenzi mapya na kalkulasi.

Kitabu cha kidato cha pili nilikirudisha Julai 2020 kikiwa hakina jalada, na kurasa za kukamilisha mraba zimejaa penseli yangu. Binti akakigeuzageuza, akasema hakitaki. Nikamnunulia kipya, kile cha zamani kikabaki kibandani chini ya mashine.