Wingu la saa nane mchana

Juzi nilitoka Unguja kwa meli, tukafika Mkoani kwenye saa sita. Ni wakati wa maleleji, upepo wa kusi umekwisha na wa kaskazi bado, bahari imelala kama mafuta ndani ya sahani. Nyuma yetu mbingu tupu. Mbele, juu ya Pemba tu, mawingu yamejaa, na chini yote yako sawasawa kama yamekatwa kwa kisu.

Nafika nyumbani, bibi kaanika karafuu majamvi manne. Saa nane mvua ikashuka. Tulianua mbio, jamvi moja likarowa. Karafuu ikirowa ikalundikwa huvunda ikawa mpeta, karafuu iliyoharibika, na mpeta bei yake unaijua.

"Mvua ya wapi hii, na wewe umesema baharini kweupe?"

"Si ya wapi, bibi. Imepikwa hapa hapa juu yetu."

Shuleni tulichorewa mishale: bahari, mvuke, wingu, mvua. Hakuna aliyetwambia mle ndani ya ule mshale wa kwenda juu kunatokea nini, na kazi yote iko hapo. Jua hulipasha moto shamba upesi kuliko bahari. Hewa ya juu ya shamba ikawa nyepesi, ikapanda, na ya baharini ikaingia kuziba pengo. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo hewa inayopanda hutanuka, na kule kutanuka kunakula joto lake yenyewe. Bonyeza vali ya tairi la baiskeli lililoshinda juani, usikie upepo unavyotoka baridi. Kila kilomita 1 inayopanda, hewa hupoa kama nyuzi 10, mpaka ishindwe kuuficha mvuke wake. Kimo hicho ndicho chini ya wingu, ndiyo maana yote yamekatwa sawa. Kupita hapo, mvuke unaogeuka maji huachia joto, hewa ikapoa polepole zaidi na ikazidi kupanda.

Bibi hakuniamini. Nikachukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, nikatia maji ya vuguvugu kidogo, nikaiinamisha juu ya chetezo ikameza moshi wa ubani, kidogo tu. (Matone hayajishiki patupu. Angani hushika vumbi na chumvi ya bahari.) Nikafunga kifuniko, nikaminya kwa nguvu, nikaachia ghafla. Ndani kukawa na ukungu. Nikaminya tena, ukaondoka.

Akaninyang'anya. Aliminya na kuachia labda mara ishirini, pale pale barazani, huku akiiinua chupa kwenye mwanga na kuikaribia kwa jicho moja, lile zima. Jirani akapita, akasalimia, hakujibiwa.

Mwisho akaiweka chini.

"Basi kesho tunaanua saa saba."