Talaka, mtoto na amri ya ulinzi: usiyafunge kamba moja

Ndoa ikimshinda mtu, maswali humtoka yote kwa mpigo. Talaka nitapata lini? Watoto watakaa na nani? Nyumba ni ya nani? Na huyu anayenitishia, nimzuieje? Nyumbani hayo ni maumivu ya aina moja, lakini mahakamani ni mambo matatu tofauti, kila moja na mlango wake, ushahidi wake na mwendo wake. Talaka huenda taratibu, na sheria nyingi zimeipunguza mwendo kwa makusudi. Jambo la mtoto hubaki wazi mpaka mtoto akue, maana amri yake hubadilishwa hali ikibadilika. Amri ya ulinzi, ile inayomzuia anayekutishia, inaweza kutoka siku ileile ilipoombwa. Anayeyachanganya husubiri miezi kwa kitu ambacho angekipata leo, au huliharibu jambo la mtoto kwa hasira ya mali.

Nianze na lisilosubiri.

Si lazima uwe umefungua shauri la talaka ndipo uombe ulinzi. Kenya ina sheria yake ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015, Afrika Kusini ina ya 1998, Uingereza ina ya 1996, na Marekani kila jimbo lina yake. Chini ya sheria hizo mwombaji huingia mahakamani kwa ombi hilo peke yake. Tanzania ni tofauti, na tofauti hii huwaponza wengi. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kumkataza mtu asimsumbue mwenzake, ila ni wakati shauri la ndoa likiendelea, au baada ya amri ya kutengana au talaka. Ambaye hajafungua shauri lolote hupitia njia ya jinai: Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, fomu ya PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha), kisha hospitali. PF3 ijazwe mapema, kabla michubuko haijafifia.

Kwa kawaida ombi la ulinzi husikilizwa kwanza upande mmoja, anayelalamikiwa akiwa hayupo. Hakimu akiridhika hutoa amri ya muda na kupanga siku ya kusikiliza pande zote mbili. California, kwa mfano, siku hiyo huwekwa ndani ya wiki tatu hivi, na amri ya mwisho inaweza kudumu hadi miaka 5. Afrika Kusini amri ya muda haina nguvu mpaka anayelalamikiwa akabidhiwe nakala, na siku ya kusikilizwa haiwi chini ya siku 10 baada ya kukabidhiwa. Hapo kwenye kukabidhi ndipo mambo hukwama. Anwani si sahihi, mtu kahama, mpeleka wito kagonga mlango mara moja akaondoka, na siku ikifika shauri linaahirishwa. Kwa hiyo unapojaza fomu, usitoe anwani moja tu. Andika anakofanya kazi na saa anazotoka, namba zake zote za simu, kwao, gari lake na namba yake, na uambatishe picha. Na usimpelekee karatasi wewe mwenyewe. Ni hatari, na mahakama nyingi hazitambui nakala iliyokabidhiwa na mwombaji.

Sasa hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, ambayo ndiyo moyo wa ombi. Sentensi kama “amekuwa akinipiga na kuninyanyasa kila mara” haimpi hakimu kitu cha kushika. Andika matukio matatu: la karibuni, lililokuwa baya kuliko yote, na la kwanza. Kila tukio liwe na tarehe au angalau mwezi, saa, mahali, maneno aliyoyatamka kama alivyoyatamka, alichoshika mkononi, aliyeshuhudia, na ulichofanya baadaye. “Jumapili usiku, saa mbili, jikoni, alinikaba shingo kwa mikono yote miwili nikashindwa kupumua, mtoto mkubwa akiwa mlangoni” ni ushahidi. Na kukabwa shingo kusiachwe hata siku moja, hata kama hakukuacha alama. Mara nyingi hakuachi alama ya nje, ilhali ni miongoni mwa dalili nzito kwamba anayekaba anaweza kuua baadaye. Mwambie daktari aandike sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, kizunguzungu, au kama ulipoteza fahamu.

Ujumbe wa simu utunzwe mzima, siyo sentensi moja iliyokatwa. Picha ya skrini ionyeshe namba, tarehe, na kilichotangulia na kufuata. Simu yenyewe usiifute wala usiiuze mpaka shauri liishe, kwa sababu upande wa pili unaweza kudai picha imechezewa. Usivunje nywila ya simu ya mwenzako kutafuta ushahidi. Katika nchi nyingi hilo ni kosa, na unaweza kuingia mahakamani ukiwa mlalamikaji ukatoka ukiwa mshtakiwa.

Watu huuliza: nikishapata amri, nikimruhusu aje kuchukua nguo zake, amri imekufa? Haijafa. Amri ya mahakama huondolewa na mahakama. Akija, yeye ndiye aliyeivunja, na kwa wakati huohuo wewe umejidhoofisha, maana siku ya kusikilizwa wakili wake atauliza kama kweli unamwogopa mtu uliyemkaribisha. Vitu vyake vichukuliwe mbele ya polisi au kupitia mtu mwingine, na hilo liandikwe ndani ya amri. Nakala moja utembee nayo, moja ipelekwe shuleni kwa watoto, moja ibaki kituo cha polisi cha karibu.

Aliyeandikiwa amri naye asikilizwe hapa, kwa kuwa wapo wanaoandikiwa bila haki. Tii kwanza, bisha baadaye. Usitume ujumbe, hata wa kuomba radhi, hata kupitia shangazi au mchungaji. Uingereza, kuvunja amri ya kutosumbua ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Afrika Kusini hati ya kukamata hutolewa pamoja na amri yenyewe, ikasimamishwa, ikisubiri tu siku utakapoivunja. Marekani, aliye chini ya amri ya namna hiyo, iliyotolewa baada ya yeye kupewa nafasi ya kusikilizwa, anaweza kukatazwa na sheria ya nchi nzima kumiliki bunduki, na Mahakama ya Juu ilithibitisha jambo hilo mwaka 2024. Siku ya kusikilizwa fika na mashahidi wako na karatasi zako. Usipofika, amri hutolewa kwa maelezo ya upande mmoja, na kuja kuitengua ni kazi ngumu zaidi kuliko kuipinga siku yake.

Talaka je? Swali la kwanza huwa: mwenzangu akikataa kusaini, nitabaki kwenye ndoa milele? Hapana. Mahali penye talaka ya mahakama, kukataa kwake huchelewesha tu. England na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2022, mwombaji hahitaji tena kuthibitisha kosa la mtu. Anatamka kwamba ndoa imevunjika, wiki 20 zinapita ndipo amri ya kwanza, kisha wiki 6 na siku moja ndipo ya mwisho. Tanzania bado inataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na sheria inataja vinavyoweza kuonyesha hivyo: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua 3, kutengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua 3, na mengineyo.

Kwa Tanzania ugonjwa wa mashauri ya talaka ni cheti cha baraza la usuluhishi. Ombi la talaka lazima liambatane na cheti cha baraza kinachosema limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, na kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Watu huleta barua ya mwenyekiti wa mtaa, au cheti kinachosema “walisuluhishwa” bila kusema usuluhishi umeshindikana, au kilichokaa kabatini mwaka mzima. Shauri linaondolewa bila kugusa kiini chake na mtu anaanza upya. Soma cheti chako neno kwa neno kabla hujatoka barazani. Ipo misamaha, kama mwenzako amekutelekeza na hajulikani alipo, au amekataa kwa makusudi kufika mbele ya baraza, lakini msamaha unaombwa na kuelezwa. Tena ndoa isiyotimiza miaka 2 haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa ya mahakama.

Waislamu huuliza kama talaka aliyoitamka mume inatosha. Kidini jambo hilo lina hukumu yake. Kiserikali, kwa Tanzania Bara, baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa kupatanisha, kisha ikatolewa talaka kwa taratibu za Kiislamu, mahakama hulitambua hilo na kutoa amri ya talaka. Bila amri hiyo utapata taabu kwenye mali, mirathi na ndoa mpya. Kenya mambo haya kwa Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, iliyomo ndani ya Katiba yenyewe.

Mali. Jina lililo kwenye hati si mwisho wa maneno. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kenya iliandika vivyo hivyo katika sheria yake ya mali ya ndoa ya 2013, ikitaja kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata kazi ya shamba. Lakini kuwa na mchango hakumaanishi nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haugawi mali katikati papo kwa papo, bali kila mmoja athibitishe alichochangia. Kwa hiyo karatasi ndizo zinazosema: taarifa za benki, miamala ya simu, risiti za saruji na mabati, mikataba ya fundi, barua za mkopo. Nakili zote mapema na uzihifadhi nje ya nyumba. Ukihofia kiwanja kuuzwa, omba zuio la muda, maana kukirudisha kutoka mikononi mwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema ni vita nyingine kabisa. Na deni mlilosaini wawili hubaki la wawili mbele ya benki, hata mahakama ikisema mmoja ndiye alipe. Benki haikuwa sehemu ya shauri lenu.

Nakuja kwa mtoto, ambako makosa huumiza zaidi kwa sababu anayeumia si aliyeyafanya.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeweka maslahi ya mtoto mbele, ukampa haki ya kudumisha uhusiano na wazazi wote wawili isipokuwa pale inapomdhuru, na haki ya kusikilizwa kadiri ya umri na upevu wake. Sheria za nchi hupita njia hiyohiyo. Tanzania ina dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama, lakini ni dhana inayoweza kupinduliwa kwa ushahidi, na sheria hiyohiyo inamtaka hakimu apime madhara ya kumyumbisha mtoto kwa kumhamisha. Maana yake, mzazi aliyetoka nyumbani bila watoto, akakaa kimya miezi minane, huku mtoto amezoea shule na ratiba ya upande wa pili, amejipalia makaa. Ukitoka bila watoto, omba amri ya muda ndani ya siku chache, siyo baada ya talaka. Kama ulitoka kwa kukimbia kipigo, sema hivyo kwenye kiapo, kwa sababu mahakama huangalia nani aliyesababisha kuondoka.

Matunzo na kumwona mtoto ni vitu viwili visivyolipana. Mzazi asiyetoa matunzo hazuiwi mtoto kwa sababu hiyo, na anayezuiwa mtoto hana ruhusa ya kukata matunzo. Kila mmoja ana dawa yake: kukazia amri mahakamani, yaani kuomba ilazimishwe kutekelezwa. Anayepoteza kazi aombe amri ibadilishwe mara moja, kwani malimbikizo hayajifuti yenyewe.

Amri ya “mzazi atamwona mtoto kwa muda unaofaa” ni mbegu ya ugomvi. Dai siku, saa ya kuchukua na kurudisha, mahali pa makabidhiano, likizo zigawanywe vipi, nani atashika pasi ya kusafiria, simu saa ngapi. Mtoto akivushwa mpaka bila ridhaa, Mkataba wa Hague wa 1980 unahusu watoto chini ya miaka 16 kati ya nchi zilizojiunga, na ombi likifika kabla ya mwaka mmoja kupita, kanuni ni mtoto arudishwe upesi. Nje ya nchi hizo njia ni ndefu mno, ndiyo maana zuio la kusafiri huombwa kabla ya tiketi kukatwa.

Kuna pale ambapo mashauri haya matatu hugongana. Amri ya ulinzi inasema asisogee mita 100 kutoka nyumbani, na amri ya mtoto inasema achukue mtoto nyumbani Ijumaa saa kumi. Akija amevunja moja, asipokuja amevunja nyingine. Peleka kila amri uliyo nayo mbele ya kila hakimu, uombe makabidhiano yafanyike shuleni au kupitia ndugu anayeaminiwa na pande zote, na utaratibu huo uandikwe ndani ya amri ya ulinzi yenyewe.

Hukumu ikisomwa, hesabu siku za rufaa papo hapo. Kwa mashauri ya ndoa Tanzania ni siku 45. Chukua nakala zilizothibitishwa za hukumu na amri, walau tatu, kisha pitia bima, mfuko wa pensheni, akaunti na wosia. Jina la mwenzako wa zamani linaweza kubaki humo kama mrithi au mnufaika mpaka wewe mwenyewe ulibadilishe.