Mchaichai wa shangazi na wasiwasi uliokuwa ukiniamsha saa nane usiku

Mwezi wa tatu mwaka juzi nilitapeliwa floti ya shilingi 1,850,000 kwenye kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu hapa Tanga. Pesa nililipa kidogo kidogo, kwa upatu na kwa msaada wa dada yangu. Usingizi ndio uliokataa kurudi. Kila saa nane usiku nashtuka, moyo unakwenda mbio, kifua kimebana, vidole vimekufa ganzi, na nina hakika kabisa kwamba nakufa. Mchana simu ikiita tu mikono inatetemeka, na kazi yangu yote ni simu.

Nilikwenda hospitali nikidhani ni moyo. Wakapima presha, wakachukua damu, wakanipima na moyo wenyewe, vyote salama. Daktari akasema ni wasiwasi uliopitiliza, kwamba huo ni ugonjwa na una matibabu. Akaniandikia amitriptilini, kidonge cha kutuliza kinacholeta na usingizi, ya kumeza usiku na kunipa tarehe ya kuonana na mshauri. Sikuipenda ile tarehe. Nilitoka pale nikijiambia mimi si mwendawazimu, mambo haya nitayamaliza kwa miti shamba.

Stendi nikanunua unga wa kahawia kwenye kikaratasi kisicho na jina la mti wala kipimo. "Kijiko kimoja tu dada, utalala kama mtoto mchanga." Usiku ule nikaunywa, nikameza na kidonge cha hospitali juu yake, maana nilitaka nafuu ya haraka. Nililala kweli. Mwanangu wa miaka saba aliniita na kunitikisa tangu alfajiri, akanipata saa nne asubuhi, naye analia. Nilipoinuka miguu ilikuwa si yangu, nikaangukia ukingo wa kitanda, nyusi ikapasuka. Kovu lipo hadi leo na mtoto bado huliulizia.

Mfamasia wa duka la mtaani kwetu aliunusa ule unga, akasema hata yeye hawezi kujua ndani mna nini. Anachojua ni kwamba dawa mbili za kuleta usingizi zikikutana mwilini, nguvu zao hujumlishana. Hakunigombeza. Aliniuliza kama kuna kitu kingine nyumbani, nami nikakumbuka boksi alilonitumia kaka yangu aliyeko Hamburg: vidonge vya Johanniskraut, mmea wa maua ya njano ambao Wajerumani huutumia kwa huzuni. Nilikuwa bado sijavifungua. Akanitazama mkononi, akauliza, "Una kijiti cha uzazi wa mpango?" Ninacho. Akanieleza kwamba mmea huo hulifanya ini liondoe dawa nyingine mwilini upesi kuliko kawaida, kwa hiyo kijiti kinaweza kushindwa kazi, na vivyo hivyo dawa za kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tena kuuchanganya na dawa kama ile ya hospitali ni hatari nyingine. Kumbe kilichotoka kwenye ua kina nguvu kiasi hicho! Nilikuwa nimezoea kusikia "haina kemikali" nikatulia.

Shangazi alifika kutoka Pangani wiki iliyofuata, na shina la mchaichai limefungwa kwenye gunia bichi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda, mwanangu. Usiku unakunywa nini?"

Nikamwambia: chai ya rangi, nzito, vikombe viwili au vitatu nikifunga hesabu. Hakusema kitu. Akachukua kopo la majani ya chai akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo mimi sifiki bila stuli.

Akanifundisha kazi yake mwenyewe. Jani la mchaichai lina makali, ukilivuta kinyume linakukata kiganja, kwa hiyo unalishika kutoka chini kwenda juu. Majani sita au saba, unayakunja pamoja na kuyafunga fundo kama mkufu mnene, hapo ndipo harufu inapotoka, kali kama ya limau. Maji yakishachemka unatumbukiza fundo, unaipua, unafunika. "Usichungulie," alisema. "Harufu ndiyo dawa, ukifunua inakwenda zake." Dakika kumi. Katika dakika hizo simu hukaa chumba kingine, nasi tulikaa ukumbini, yeye akichambua mchele wa kesho, mimi nikimweleza, kwa mara ya kwanza, jinsi yule tapeli alivyoongea kwa upole na kuniita mama.

Nataka kuwa mkweli juu ya mchaichai wenyewe. Watafiti wa Brazil, ambako nako watu huunywa kutuliza akili, waliupima kwa binadamu na kuchapisha majibu mwaka 1986: hawakuona kwamba unaleta usingizi wala kuondoa wasiwasi. Mimi nasema ulinisaidia, na nadhani naijua njia yake. Kafeini ya chai ninayokunywa saa kumi na mbili jioni, nusu yake huwa bado imo mwilini saa tano usiku, nami nilikuwa nakunywa hadi saa tatu. Mchaichai hauna kafeini. Ulikalia nafasi ya kile kilichokuwa kikinikimbiza moyo, ukaniletea na shangazi wa kukaa naye.

Kwa mshauri nilikwenda, kwa tarehe nyingine niliyoomba upya. Nilibeba kila kitu kwenye mfuko wa plastiki: kikaratasi cha unga, boksi la Hamburg, hata jani la mchaichai. Alivitenga viwili vya kwanza, mchaichai akaniachia, nikaendelea na kidonge cha hospitali kwa miezi sita na kukipunguza kwa maelekezo yake. Alinifundisha kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta, na usiku wa kushtuka hilo lilinifaa kuliko kinywaji chochote. Siku hizi nikitaka dawa ya asili ya kununua naangalia kwanza kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muuzaji akianza kunung'unika nikiuliza, naondoka.

Kushtuka usiku hakujaisha kabisa. Mwezi huu ni mara moja. Shina la Pangani limejaa ndoo mbili mbele ya kibanda, na wateja huchuma wakisubiri muamala. Shangazi alisharudi kwake, ila saa tatu usiku hupiga, nami huenda kuipokea chumba cha pili simu inakolala.

"Umeshafunika?"

"Nimefunika, shangazi."

"Haya. Niambie ya leo."