Nyanya na Mji wa Tiro

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, jalada limechanika. Mjomba alikinunua kwa wale wauza vitabu vya mitumba waliokuwa wakitandaza magunia kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Maisha ya Alexander Mkuu, yule mfalme wa kale wa Makedonia, kwa watoto, picha kila ukurasa. Mimi nilinaswa na farasi, Bucephalus, aliyewashinda watu wazima mpaka Alexander, akiwa bado kijana mdogo, akang'amua kwamba mnyama anaogopa kivuli chake. Akamgeuza alitazame jua, akampanda.

Nyanya, tuliyekaa naye Kaloleni, hakuwa na habari na farasi. Jumamosi moja alikuwa akichagua maharagwe, mimi namsomea huku nikifasiri papo hapo. Nilipotaja Tiro, mkono ukasimama juu ya uteo.

"Tiro hii ya Tiro na Sidoni?"

Sikujua. Akaitisha Biblia, akafungua Ezekieli 26, pale penye unabii kwamba mawe ya mji ule, na miti yake, na mavumbi yake, vitatupwa majini. Nikarudi kwenye kitabu changu: mwaka 332 K.K., Tiro ilikuwa kisiwani, kama mita 800 kutoka pwani. Alexander akabomoa magofu ya mji wa zamani uliokuwa bara, akamwaga vifusi baharini mpaka jeshi likapata njia. Nyanya akapiga makofi. Mimi mwili ulinisisimka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba watu wa Biblia na watu wa historia waliishi dunia moja.

"Haya, akaingia. Na wenye mji je?"

Kitabu kilisema mji ulianguka baada ya miezi 7. Ukifungua ukurasa, tuko Misri, watu wanashangilia.

Ikabidi mjomba anipeleke maktaba ya McMillan, pale penye simba wawili mlangoni. Kwenye kitabu kinene cha historia nikaipata: waandishi wa kale wanasema watu wapatao 30,000 waliuzwa utumwani, na wanaume 2,000 wakatundikwa misalabani ufuoni. Siwalaumu sana wanaowaandikia watoto. Mtoto wa miaka 9 humvuti kwa misalaba, unamvuta kwa farasi. Lakini kurukia Misri namna ile, kana kwamba Tiro palikuwa hapana mtu, kunaniudhi hadi leo.

Nyanya alinisikiliza, akaguna, akasema tuendelee. Tukafika Babeli, mwaka 323 K.K., Alexander anakufa kabla ya kutimiza miaka 33.

"Maskini, kijana kabisa. Mama yake alikuwa hai?"

Hilo nalo halikuwamo. Mjomba alilalamikia nauli, lakini tulikwenda. Naam, Olympias alikuwa hai. Alijitosa kwenye vita vya kugombea ufalme ili mjukuu wake aurithi, akaishika Makedonia kwa muda, kisha akauawa mwaka 316 K.K. kwa hila za Cassander, mmoja wa waliougombea ufalme huo.

"Ala!" nyanya akasema. "Kumbe huyu bibi ndiye wa kuandikiwa kitabu."